Kwa nini PDF haifanani na ukurasa wa wiki

Kazi yangu hapa Kigoma ni kutunza wiki ya ndani, yaani tovuti ambayo wafanyakazi wenyewe huihariri, ya shirika lenye watu wake hadi Buhingu na Kalya, kusini kando ya Ziwa Tanganyika. Huko mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo miongozo ya kazi husafiri ikiwa PDF kwenye simu, au karatasi zilizochapwa steshenari pale Mwanga. Swali ni lilelile: mbona PDF haifanani na ukurasa?

Haifanani kwa sababu si picha ya skrini. Kivinjari huupanga ukurasa upya kwa kanuni za uchapaji, zile zinazokaa chini ya @media print kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa. Hata Wikipedia ni hivyo: ukibonyeza kupakua PDF, kuna Chromium, kivinjari kilicho msingi wa Chrome, inayofanya kazi hiyo kwenye seva. Chochote chenye klasi ya noprint, yaani alama ya “usichape” kwenye msimbo wa ukurasa, hakitoki, wala vile visanduku vya viungo vya chini ya makala.

Kinachonikera zaidi ni rangi. Chukua jedwali la joto la mashine ya boti: seli nyekundu simamisha, njano angalia, kijani endelea. Chrome haichapi rangi za nyuma mpaka uweke tiki kwenye chaguo lake, kwa hiyo jedwali linatoka jeupe pee na mtu wa Kalya anabaki na namba tupu. Hata ukiweka tiki, printa ya steshenari yenyewe ina wino mweusi tu. Dawa iko kwenye ukurasa: andika SIMAMISHA ndani ya seli. Wahariri wananiona msumbufu, lakini faili sitoi mpaka neno liwepo.

Jedwali pana nalo hukatwa kulia, kwani A4 ina milimita 210 tu. Ligawe, au laza karatasi. Na hakikisha umechagua A4, si Letter ya Kimarekani.

Kisha namba ya toleo. Kwenye MediaWiki, programu inayoendesha wiki, kila toleo la ukurasa lina oldid yake, yaani namba yake ya utambulisho; naiandika chini ya PDF pamoja na tarehe, maana faili likishaingia makundi ya WhatsApp halirudi, na wiki kesho itahaririwa. Kwa makala ya Wikipedia, usiikate anwani ya ukurasa wala jina la leseni, CC BY-SA 4.0: unaposambaza nakala ni lazima waandishi watambuliwe.