Kengele ya Choo, Kokoto za Njia: Maswali ya Wanaoishi na Asiyeona

Baba mkwe amepoteza macho yote mawili. Uani hatoki mpaka ashikwe mkono. Tukimfungia kengele za kumwongoza njiani, zitamsaidia?

Zitamsaidia. Ila kwanza niulize: daktari wa macho amemwona? Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko wote duniani, na mara nyingi upasuaji mfupi humrudishia mtu kuona. Presha ya macho ni habari nyingine: kilichopotea hakirudi, ingawa dawa hulinda kilichobaki. Kama mmeshaambiwa hakuna la kufanya, basi twende uani.

Sauti gani inafaa?

Sauti ikitoka kulia, sikio la kulia huipata mapema kidogo na kwa nguvu zaidi kuliko la kushoto. Kwa tofauti hiyo ndogo ubongo hujua upande. Mlio mmoja mrefu kama wa filimbi humsumbua mtu kuutafuta. Mlio wa kukatika, ko, ko, ko, humwelekeza upesi. Akishindwa kujua kama uko mbele au nyuma, ageuze kichwa kidogo, atajua.

Sasa, wazee wengi hupoteza kwanza sauti nyembamba. Njuga ndogo inayokufurahisha wewe huenda yeye haisikii kabisa. Jaribu kopo lenye vijiwe au kipande cha mti kigongacho ubao, naye ndiye aseme anasikia kipi. Ikiwa sikio moja halisikii, kujua upande itamwia vigumu mno, kwa hiyo tegemeeni zaidi kamba ya kuifuata kwa mkono.

Nimetunga makombe ya pwani kwenye uzi nikayatundika mlangoni mwa choo. Yanatosha?

Ni mazuri kwa macho ya wanaoona! Shida yake ni kwamba yanasubiri upepo, na haja ya mtu haisubiri upepo. Sauti nzuri ni ile anayoweza kuiita mwenyewe. Funga kamba ya nailoni kutoka nguzo ya baraza hadi choo, kimo cha kiuno, na mwisho wake uning'inize kengele. Akiitikisa akiwa barazani, kengele inalia kulekule anakokwenda. Anageuza uso, kisha anaifuata kamba kwa mkono. Ipitishe kando ya ukuta au uzio, isije ikawakata watoto wakikimbia. Na ile kamba ya kuanikia nguo, iondoeni kwenye njia yake. Hukaa usawa wa shingo, na fimbo haiigusi.

Kisimani je, tuweke kengele ya kumwonya?

Hapana, na hapa sibembelezi. Sauti iwekwe mahali mnapotaka afike. Kengele ya kisima inaweza kumvuta badala ya kumfukuza, na siku ikinyamaza hana onyo lolote. Kisima kifunikwe kwa mfuniko mzito, shimo la taka lizungushiwe uzio, mafiga yawe mahali pasipopitwa.

Mvua ikipiga bati hasikii chochote. Afanyeje?

Hapo kazi inahamia miguuni. Mwageni kokoto kwenye njia yake tu, penginepo pabaki udongo ulioshindiliwa. Akitoka nje ya njia, unyayo unamwambia hata kama sikio limezibwa na mvua. Kwa walio pwani, fukieni vifuu kifudifudi kando ya njia, vichomoze kidogo tu visimkwaze. Fimbo ikigonga kifuu hulia tofauti kabisa na ikigonga udongo. Redio nayo ni alama nzuri ya baraza, mradi isihamishwe wala isifunguliwe hadi mwisho ikafunika kengele zote.

Nimesikia kuna wasioona wanaopiga ulimi wakajua kilicho mbele. Ni kweli?

Ni kweli. Mmarekani Daniel Kish, aliyeondolewa macho yote mawili kwa saratani akiwa mtoto mchanga, hutembea hivyo na amewafundisha wengi. Mlio wa ulimi hugonga ukuta ukarudi, naye akasikia ukuta ulipo. Mtoto asiyeona akianza kupiga ulimi, msimkataze mkidhani ni utovu wa adabu. Ila mwangwi hauonyeshi shimo vizuri; fimbo nyeupe ibaki mkononi.

Tumeweka vyote hivyo, bado hataki kutembea.

Nani alichagua njia? Mara ya kwanza tembea naye, yeye akushike kiwiko, si wewe umkokote. Kisha muulize anataka kufika wapi. Mzee mmoja ninayemfahamu aliikataa kata kata kengele ya choo, akataka kopo lifungwe kwanza pale mwembeni, wenzake wanapocheza bao. Choo alikizoea wiki iliyofuata.