Je, wajua kwa nini vitabu tulivyosoma kwa kujificha vikifika kwenye TV vinajaa mbwembwe?

Kama ulisoma bweni basi unakijua kile kitabu kisicho na mwenyewe. Kimefungwa gazeti ili jalada lisionekane, karatasi zimeshalegea, kinatoka kitanda hiki kwenda kile na kila mtu ana usiku mmoja tu wa kukaa nacho, asubuhi kiwe kwa mwingine. Mi kilichonipitia kilikuwa Flowers in the Attic cha V.C. Andrews, nilikisoma kwa tochi ndani ya shuka nikiwa kidato cha pili, Kiingereza chenyewe nadaka nusunusu, na nilikesha. Juzi nimekaa nikaangalia filamu yake ya TV, ile ya 2014, swali likanikaa kichwani: mbona stori ileile iliyonitetemesha sasa imetiwa chumvi hivi, macho ya kutoa, muziki wa kutisha kila mlango ukifunguka, bibi anaingia chumbani kama jini, na bado siwezi kuzima?

Kwa ambaye hajakisoma, kilitoka Marekani mwaka 1979. Baba anafariki kwa ajali ya gari, mama anayeitwa Corrine anabaki hana kitu, anabeba watoto wake wanne anarudi kwao Virginia kwenye jumba la wazazi wake matajiri ambao walishamkataa kwa sababu ya ndoa aliyofunga. Ili arithi mali inabidi baba yake mgonjwa asijue kabisa kwamba ana watoto, kwa hiyo watoto wanafungiwa chumba cha juu chenye ngazi ya kupandia darini, wanaambiwa ni siku chache tu. Zikawa zaidi ya miaka 3. Bibi analeta kikapu cha chakula na orodha ya sheria na maneno ya Mungu mkali. Wale wakubwa wawili, Chris na Cathy, wanakulia humo humo wakilea wadogo zao mapacha kama wazazi, na mwishoni kaka na dada wanavuka mpaka usiovukwa, jambo ambalo ndo lilifanya kitabu kikae chini kabisa ya tranka.

Halafu zile donati jamani. Kikapu kinaanza kuja na donati zilizonyunyiziwa sukari ya unga, watoto hawajaonja kitu kitamu siku nyingi, wanafurahi, wanakula. Cory, yule pacha wa kiume, anaanza kuumwa, anachukuliwa, wanakuja kuambiwa ameshakufa. Baadaye wanampa kipande panya wao waliyekuwa wanamfuga, naye anakufa, ndo wanajua kwamba kwenye ule weupe wa juu kulikuwa na sumu ya aseniki.

Sasa turudi kwenye swali. Kitabuni anayesimulia ni Cathy, ni "mimi" tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo na wewe umefungiwa humo humo, huoni zaidi ya anachoona yeye, mama akichelewa wiki nzima hujui yuko wapi. Na muda unapita taratibu mno. Kurasa na kurasa wanakata maua ya karatasi na kuyabandika darini ili wale wadogo wasahau kwamba hawana bustani, yaani unachoka pamoja nao, unapauka pamoja nao, hata donati zinapofika na wewe una njaa. Filamu ina kama saa moja na nusu tu. Ile miaka inabanwa, kinachokatwa cha kwanza ni ule uchovu wa katikati, vinabaki vilele vitupu: kofi, kilio, kufuli, jeneza. Kilele juu ya kilele bila bonde ndo hiyo mbwembwe tunayoiona.

Kingine ni kwamba kamera inasimama nje. Nilipokuwa na miaka 15 mi nilikuwa Cathy, sikuwa na mahali pengine pa kusimama. Sa hivi naangalia nikiwa mtu mzima na macho yangu yote yanaenda kwa mama. Heather Graham anamcheza Corrine kwa tabasamu laini la mtu anayejidanganya kila asubuhi, na ukimwangalia vizuri unaona siku aliyoacha kuwa mama na ilikuwa siku ya kawaida tu amevaa gauni jipya. Bibi ni Ellen Burstyn, aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo na alistahili.

Lakini tusiisingizie TV peke yake, chumvi ilikuwemo tangu kitabuni. Jumba kubwa, urithi, bibi katili, siri ya damu, hizo ni nguzo za zamani za hadithi za majumba ya giza, na ukiwa na miaka 15 unazimeza nzima nzima kwa sababu umri ule kila kitu ni kikubwa hivyo, barua moja ikikamatwa na matroni unaona dunia imeisha.

Ushahidi upo, na ni filamu ya kwanza ya sinema ya mwaka 1987. Walioitengeneza waliogopa kashfa wakaiondoa ile habari ya kaka na dada, wakabadilisha mpaka mwisho, Corrine anakufa siku ya harusi yake wakati kwenye vitabu anaendelea kuishi. Ikatoka filamu baridi, na wasomaji wengi walikasirika. Andrews mwenyewe anaonekana humo sekunde chache tu kama mtumishi anayesafisha dirisha, na alifariki Desemba 1986 kabla filamu haijatoka, hilo huwa linaniuma sana. Lifetime, kile kituo cha TV cha Marekani kilichotoa filamu niliyoangalia, walipokuja Januari 2014 wakaacha kila kitu kilivyo, aibu na donati na yote, Mei mwaka huohuo wakaleta mwendelezo wake, Petals on the Wind, 2015 nyingine mbili, na 2022 wakarudi nyuma hadi ujana wa yule bibi. Walijua waliokaa mbele ya TV ni wamama waliokuwa wasichana wa tochi, na hao hawakuja kutafuta stori iliyonawishwa uso.

Niliangalia na rafiki yangu tuliyekuwa tunalala naye dabodeka moja, yeye juu mi chini, yeye ndo alinipa kile kitabu. Tulikuwa tunaongea filamu nzima, mara anasifia nguo, mara anabishana na bibi. Kikapu kilipoingia na zile donati nyeupe tukanyamaza wote wawili, akanishika mkono, na hatukusema kitu mpaka Cory alipobebwa nje.