"Butcher" kwenye karatasi ya babu si lazima awe mchinjaji

Wiki hii nimeletewa tena leseni ya zamani, na maneno ni yale yale: "Babu alikuwa mchinjaji, si unaona wameandika butcher?" Nimeyasikia mno. Karani wa kikoloni alitumia neno hilo moja la Kiingereza kwa aliyeshika kisu machinjioni, kwa mwenye bucha, hata kwa kijana aliyeajiriwa kukata na kuuza. Sisi tunawatofautisha, karatasi haiwatofautishi.

Kwa hiyo usikimbilie kutafsiri. Tazama kwanza karatasi yenyewe ni ya nini. Leseni ya biashara humhusu mwenye duka, na huyo huenda hakuwahi kugusa shingo ya ng'ombe. Mijini kazi ya kuchinja aghalabu waliachiwa Waislamu ili nyama iliwe na kila mnunuzi, hivyo mwenye bucha Mkristo alitegemea kisu cha mwenzake. Nilimuuliza mjukuu aliyeniletea leseni nyumbani kumebaki nini. Akasema mizani na mawe yake ya ratili, moja limemeguka ukingoni. Mchinjaji mizani ya nini? Ndiyo maana nasema, na sitachoka kusema: kabla hujagusa jalada lolote, kaa na bibi umuulize mumewe alitoka saa ngapi, na alirudi na nini mkononi.

Wapo pia wanaoniambia haya. "Alifanya kazi Tanganyika Packers, basi alichinja." Kile kiwanda cha Kawe, Dar es Salaam, kilikuwa cha nyama ya kopo. Kulikuwa na watu wa boila, wa makopo, wa ngozi, na makarani. Athi River, Kenya, nako vivyo hivyo, tangu kampuni ya nyama ya Liebig's ilipofungua kiwanda mwaka 1938.

"Kipande kitaeleza yote." Kipande kilikuwa hati ya kazi ya enzi za ukoloni: cha Kenya kiliandikwa mwajiri na mshahara, cha mashambani Tanganyika kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Aliyejiajiri kwenye bucha yake usimtafute humo.

"Wakoloni walichoma kila kitu." Yaliyochomwa au kusafirishwa Uingereza yalikuwa hasa majalada ya siasa na usalama, na yaliyosafirishwa yalifichuliwa mwaka 2011 kwa kesi ya wazee wa Mau Mau kule London. Leseni ya bucha haikuwa siri ya serikali. Nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam, uombe majalada ya wilaya, ukiwa na jina la mji na miaka ya kukadiria. Ukienda na jina la babu peke yake, utarudi mikono mitupu.