Pawabenki yako ina Wh ngapi? Isome kabla ya safari

Mtu akinunua pawabenki ya 10,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) na betri ya simu yake ni 5,000 mAh, hupiga hesabu ya haraka: nitajaza simu mara mbili. Njiani simu inajaa mara moja, ya pili inakomea kwenye asilimia 30 hivi, naye anaamini ameuziwa feki. Pengine hajaibiwa. Zile mAh hupimwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, ilhali umeme unatoka kwenye tundu la USB ukiwa na volti 5 au zaidi. Kuupandisha huko, kisha simu nayo kuushusha tena, hugeuza sehemu ya umeme kuwa joto. Ndilo joto unalolisikia ukiishika pawabenki inapochaji.

Hesabu ya kuaminika ni ya wati-saa, yaani Wh, kipimo cha nishati iliyomo kwenye betri. Zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya 10,000 ina Wh 37. Ondoa theluthi moja inayopotea, unabaki na 25 hivi. Simu ya 5,000 mAh inahitaji kama Wh 19. Ya 20,000 ina Wh 74, na itajaza simu hiyo mara mbili na nusu. Ukikutana na iliyoandikwa 50,000 lakini nyepesi kama simu, iache dukani: hata ya 20,000 ya kweli mara nyingi huzidi gramu 300.

Anza kuichaji mapema. Kwa chaja ya wati 10, pawabenki ya 20,000 huchukua saa tisa au kumi, kwa hiyo ukiichomeka saa nne usiku na basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, utaondoka nayo kabla haijajaa.

Kwa wanaopanda ndege, Wh hizohizo ndizo zinazoamua. Hadi 100 kwa kawaida unapita bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya 160 hairuhusiwi kabisa. Ibebe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege. Betri ya lithiamu ikishika moto karibu na abiria, wahudumu wanaiona na kuipoza kwa maji. Ikiwaka katikati ya mizigo hakuna wa kuifikia. Mashirika mengine ni makali zaidi. Tangu Oktoba 1, 2025, Emirates inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isiyofika Wh 100, na ni marufuku kuitumia ndani ya ndege. Usibandue wala kuacha ifutike lebo yenye namba hizo, maana bila lebo unaweza kunyang'anywa.

Sasa soketi. Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Dubai utakuta za matundu matatu ya mstatili. Ukivuka kwenda Kongo au Burundi utakuta za pini mbili za mviringo. Chaja iliyoandikwa 100–240V inafaa kote, unahitaji adapta tu. Tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie ni ya hatari, tuiache. Tundu lile ndilo linalofungua vifuniko vya matundu ya umeme, na pini za mviringo hazikai sawasawa kwenye vibamba vya ndani: zinalegea, zinatoa cheche, plastiki inaungua. Weusi unaouona kwenye soketi nyingi za nyumba za wageni chanzo chake mara nyingi ni huu.

Ndani ya basi, USB ya kwenye kiti mara nyingi hutoa umeme mdogo, usiotosha simu inayoonyesha video. Zima kioo. Mtandao ukipotea porini weka hali ya ndegeni, kwa sababu simu inayotafuta mnara hula chaji kwa kasi. Na pawabenki iliyovimba usiichaji, usiitoboe, usisafiri nayo.