Mzee Anasahau, Zahanati Nayo Inamsahau: Dhana Potofu na Ukweli

Bibi wa miaka 74 anafika zahanati na daftari lake. Anapimwa presha, anapewa vidonge vya mwezi mzima, anaambiwa apunguze chumvi. Binti aliyemsindikiza ana neno kooni: mama kila jioni anafunga vitu vyake kwenye kanga na kuomba apelekwe kwao, ilhali kwao ndiko hapo hapo anapoishi. Foleni ni ndefu, hakuna anayemuuliza, wanaondoka.

Ukiuliza kwa nini huduma ya ugonjwa wa kusahau, yaani demensia, haijapata kiti katika zahanati zetu za Tanzania, majibu utakayopewa ni yale yale. Mengi si kweli.

Dhana: "Huo ni uzee tu, amerudia utoto."
Ukweli: Ungekuwa uzee, wazee wote wangekuwa nao. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawafikia watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Makadirio yao ya wenye demensia yalikuwa asilimia 6.4. Wengi waliobaki walikuwa wazee vile vile, na akili zao timamu. Kibaya ni kwamba dhana hii haiko kijijini peke yake; imevaa na koti jeupe. Tabibu akishasema "uzee", kalamu inawekwa chini.

Dhana: "Karogwa, au yeye ndiye mchawi."
Ukweli: Ni ubongo unaougua. Usukumani tunajua bibi wenye macho mekundu walivyouawa kwa tuhuma hizo. Mtu anayetembea usiku na kusema yasiyoeleweka yuko hatarini zaidi, kwa hiyo kumtambua mapema ni suala la usalama wake pia.

Dhana: "Bila daktari bingwa na picha ya ubongo hatuwezi kuanza."
Ukweli: Madaktari bingwa wa akili nchini ni makumi machache kwa watu zaidi ya milioni 60. Tukiwasubiri, hatuanzi leo wala kesho. Huko huko Hai kilijaribiwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambacho hakimtaki mzee ajue kusoma: anakumbuka maneno, anataja wanyama, anapanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano. Muuguzi aliyefundishwa anakiweza. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu 2010, lina mwongozo wa huduma za afya ya akili uitwao mhGAP, ulioandikwa kwa ajili ya watoa huduma wasio mabingwa, na demensia imo. Kazi ya zahanati ni kushuku, kuuliza dalili zimeanza lini, na kutafuta yanayofanana nayo lakini yanatibika, kama sonona, maambukizi, au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Anayechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu ni mgonjwa wa dharura. Huyo asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Dhana: "Haina dawa, tutamtibu nini?"
Ukweli: Dawa ya kuiponya kweli hakuna. Lakini presha na kisukari vikidhibitiwa, ubongo unapungukiwa maadui. Pia kagua mfuko wake wa dawa: amitriptilini ya ganzi miguuni, au vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, vinaweza kumzidishia mzee kuchanganyikiwa. Hai kulifanyika pia vikundi vya kuchangamsha akili, vipindi 14 kwa wiki 7, bila kidonge hata kimoja, na washiriki walionyesha nafuu.

Dhana: "Mfumo wetu hauwezi kumfuatilia mgonjwa wa maisha."
Ukweli: Hii ndiyo inayonikera, maana jibu liko mlango wa pili. Kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, zinamjua kila mgonjwa kwa kadi na namba; asipotokea siku yake, anatafutwa. Hatukuwa na mabingwa wengi wa VVU pia. Tulikuwa na fedha za mradi, rejista, na mtu mwenye jukumu. Kwa demensia mtu huyo hayupo. Karatasi ya rufaa inakwenda hospitali ya wilaya, majibu hayarudi zahanati. Muuguzi aliyefundishwa anahamishwa, na ujuzi unaondoka naye. Dirisha la wazee linamwondolea mzee asiyejiweza gharama ya kumwona tabibu, lakini nauli ya bodaboda ya watu wawili inabaki kwa familia, na dawa ikikosekana anaelekezwa duka la nje. Usimlaumu muuguzi anayehudumia chanjo, wajawazito na majeraha peke yake. Huwezi kumwongezea rejista nyingine bila kumpunguzia kitu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayepita nyumbani tayari, ndiye ningeanza naye.

Dhana: "Familia za Kiafrika zinatunza wazee wao, serikali isijisumbue."
Ukweli: Zinatunza, na mara nyingi "familia" maana yake ni binti mmoja au mkwe aliyeacha genge lake sokoni. Ndiye anayejua mzee analala saa ngapi, amekataa kuoga tangu lini, amepotea njia mara ngapi. Kwenye daftari la bibi yule kuna presha, uzito na tarehe ya kurudi. Jina la binti na namba yake ya simu havimo.