Marimba na zailofoni: tofauti iko chini ya ubao

Marimba na zailofoni zote ni ala zenye safu ya mbao zinazopigwa kwa vijiti, na naulizwa kila mara kama marimba si zailofoni kubwa tu. Sivyo. Hata ukipiga noti ileile kwenye zote mbili, sikio litazitambua papo hapo. Ukitaka kujua kwa nini, chomoa ubao mmoja uupindue.

Upande wa chini umechongwa katikati ukawa mwembamba kama upinde. Uchongaji huo hupanga sauti kuu ya ubao, na hupanga pia sauti ya pili inayolia juu yake. Kwenye marimba fundi huchonga kwa kina hadi sauti ya pili ifike oktava mbili kamili juu: ukipiga do, juu yake inalia do nyingine, na zote mbili huyeyuka kuwa sauti moja nene, laini. Upinde wa zailofoni haukuchongwa kwa kina hivyo, kwa hiyo sauti yake ya pili huangukia so ya oktava inayofuata. Hiyo so ndiyo inayoipa ule ukali unaopenya okestra nzima.

Nyunyiza chumvi juu ya ubao kisha uugonge katikati taratibu. Chembe zitarukaruka na kujikusanya kwenye mistari miwili, kila mmoja karibu asilimia 22 ya urefu kutoka nchani. Hapo ubao hautikisiki, na hapo ndipo kamba hupitishwa. Ukitoboa kwingine, sauti inakufa.

Mirija inayoning'inia chini ya mbao ili kukuza sauti nayo ina hesabu yake. Do ya chini kabisa ya marimba ya oktava 5, yenye hezi 65 hivi (mitetemo kwa sekunde), inahitaji mrija wa takriban mita 1.3, kwa hiyo mara nyingi mrija huo hukunjwa.

Vibrafoni, ndugu yao wa metali, ina vipande vya aluminiamu na pedali ya kuzima mlio. Mota yake huzungusha visahani midomoni mwa mirija, na mlio ukawa kama unayumba. Wengi hudhani noti hupanda na kushuka, kumbe kinachobadilika hasa ni ukubwa wa sauti. Glokenspili, ala ndogo ya jamii hiyohiyo, ina vipande vya chuma kigumu, na husikika oktava mbili juu ya ilivyoandikwa.

Vijiti vyenye vichwa vya shaba viache kwenye glokenspili. Nasisitiza hili kwa sababu kwenye marimba vinaacha mashimo, na hata vichwa vya plastiki ngumu, kwenye mbao za chini, vitakupa mgongano mtupu huku sauti kuu ikibaki haijaamka.