Makombe juu ya mlima: si bahari iliyopanda, ni jiwe lililopanda

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: picha ya makombe yaliyoganda ndani ya jiwe mlimani, na maelezo kwamba maji yalifunika vilele kwa siku chache yakayaacha huko. Picha zenyewe mara nyingi ni za kweli. Kasoro iko kwenye maelezo.

Chukua milima ya Guadalupe huko Texas, Marekani. Kilele chake cha juu, mita 2,667, ni jiwe la chokaa lililojengeka baharini takriban miaka milioni 260 iliyopita. Wajenzi wake wakuu walikuwa sifongo (wanyama wa baharini walioshikamana na sakafu) na mwani, si matumbawe tunayoyajua leo. Baadaye sana, nguvu za ndani ya dunia ziliiinua sakafu hiyo ya bahari.

Utajuaje? Sogea karibu na jiwe. Sifongo nyingi bado zimeshikamana palepale zilipoota, mwani umezivika utando juu ya utando. Mafuriko hung'oa na kuchanganya, hayajengi hivyo. Tena upande mmoja wa mwamba huo uliojengwa na sifongo kuna mteremko wa vifusi vilivyoporomokea kilindini, na upande wa pili matabaka bapa ya chokaa ya maji ya kina kifupi.

Tunachanganyikiwa kwa sababu mlima huonekana umetulia tuli. Lakini kuinuka milimita 1 tu kwa mwaka ni kilomita nzima kwa miaka milioni.

Ukitumiwa tena picha hiyo, tafadhali usiisambaze. Muulize aliyeituma: mlima gani, na jiwe la aina gani?